Seli za Mama Nduku na Maji ya Beseni

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya Kitui nilinawa mikono mpaka ngozi ikakunjamana. Madam Mumbua, msimamizi wa maabara, alisimama kando yangu kwenye sinki, akaniangalia nikisugua, akasema, "Tena." Nikasugua tena. "Katikati ya vidole." Nikafanya hivyo. "Na hizo kucha, unakata wewe ama panya?" Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Nikarudi nyumbani siku hiyo nikamwambia mke wangu kwamba nimepata kazi ya kunawa.

Ninyi mnaokalia viti vyetu sasa mmeniomba niwaandikie kidogo kabla sijasahau. Kuhusu vyeo na mishahara sina la kusema ambalo ofisi haijui. Nitawaandikia kuhusu mikono, chupa, watu walionifundisha, na mama mmoja wa Kanyangi ambaye seli zake mnazilisha hadi leo bila kumjua.

Nilitoka Mutomo, ambako nilipima damu na choo katika chumba chenye dirisha moja. Mbuzi walikuwa wakija kusimama kwenye kivuli cha dirisha hilo, na nilizoea kuhesabu vimelea vya malaria huku mbuzi akinitazama kama mkaguzi. Masomo yangu ya darasani yaliishia kwenye cheti. Mengine nilijisomea katika vitabu vilivyotupwa na watu waliopata matoleo mapya. Kitabu changu cha kwanza cha kukuza seli kilikosa sura ya tatu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kila nilichoshindwa kuelewa kimeelezwa katika sura hiyo. Nilipoipata hatimaye, ilihusu jinsi ya kupanga meza.

Kwa yeyote atakayesoma haya bila kuijua kazi yetu, nieleze kwa ufupi. Daktari anakata kipande kidogo cha uvimbe wa saratani, kidogo kuliko punje ya mtama. Sisi tunakikatakata na kukiweka ndani ya chupa bapa yenye maji mekundu ya lishe, ambayo maabara nzima iliyaita uji. Chupa inakaa ndani ya inkubeta, kabati lenye joto la mwili wa mtu. Bahati ikiwepo, seli zinashika sakafu ya chupa na kuanza kugawanyika, na hapo unaweza kuzijaribu kwa dawa bila kumjaribu mgonjwa. Shida ni kwamba uji huo ni mtamu kwa kila kiumbe. Seli ya saratani, pamoja na sifa zake zote mbaya, huchukua siku nzima au zaidi kugawanyika mara moja. Bakteria hugawanyika kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Kwa hiyo kazi yetu, ukiondoa majina makubwa, ilikuwa kumzuia bakteria asiingie kwenye chupa. Madam Mumbua aliifanya kazi hiyo kama wito. Alikuwa mtu wa Mukuyuni, binti wa wachuuzi wa soko, na alinitazama jinsi mama yake alivyotazama maharagwe ya mtu mgeni: kwa kuyapitisha vidoleni, bila kusema bei. Alinifundisha kufungua chupa kwa kidole kidogo ili kifuniko kisiguse meza. Alinifundisha kutopitisha mkono juu ya chupa iliyo wazi. Zaidi ya yote alinifundisha kunyamaza.

"Mdomo wako una wadudu kuliko choo cha stendi," aliniambia nilipoanza kumsimulia jambo huku chupa ikiwa wazi. "Ukitaka kuhubiri, ngoja Jumapili."

Yeye mwenyewe alihubiri Jumapili, na kwa sauti kubwa. Nilikwenda kumsikiliza mara moja. Aliongea kama mtu aliyefunga mdomo juma zima.

Mkuu wetu alikuwa Daktari Mutheu. Aliianzisha kazi ile kwa sababu ya saratani ya koo, ugonjwa uliokuwa ukiwaingia watu wa kwetu mmoja mmoja, mtu akianza kwa kushindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha mate. Alitaka seli za wagonjwa wa hapa hapa, zikuzwe hapa hapa. Tulijaribu mara nyingi. Kipande cha koo huja na wadudu wote wa mdomoni, na hata ukikiosha kwa dawa, seli zenyewe mara nyingi hukataa tu kuishi. Nilizika chupa nyingi. Daktari Mutheu alikuwa akisimama mlangoni asubuhi, haulizi kitu, anangoja nitikise kichwa, kisha anakwenda kuwaona wagonjwa.

Ndipo akaja Mama Nduku.

Alikuwa mkulima wa ndengu kutoka Kanyangi, mrefu, mkavu, mwenye leso mbili, moja ya kuvaa na moja ya kufunga kila kitu kingine. Uvimbe wake ulikuwa ukatwe wote. Daktari Mutheu alimweleza kwa Kikamba kwamba angependa kutunza kipande, na kwamba ana haki ya kukataa. Niliitwa nikae pale nijibu maswali. Nilitarajia aulize kama itauma.

"Mtakipeleka ng'ambo?" aliuliza.

"Hapana, mwaitu," nikasema, kwa jina la heshima ambalo kwetu mtu humwita mama yake. "Kitakaa hapa Kitui."

"Na kitakula nini?"

Nikamweleza kuhusu uji. Akafikiri.

"Huu ugonjwa ulichukua mama yangu. Ukachukua kaka yangu, mtu wa nguvu, akabaki kama fimbo. Sasa umenifikia, na nina Nduku na dada zake nyuma yangu. Kama mnaweza kuufuga muujue tabia yake, ufugeni."

Seli zake zilishika. Sijui kwa nini zake na si za wale wengine wote, na yeyote atakayekwambia anajua, mwulize maswali mawili zaidi. Zilienea kwenye sakafu ya chupa kama mawe yaliyopangwa na fundi mzuri. Daktari Mutheu aliziangalia kwenye hadubini muda mrefu mpaka Madam Mumbua akamkumbusha kwamba chupa inapata baridi. Tulipopata za kutosha, tuligandisha vichupa vitatu na kuvitia ndani ya tangi la naitrojeni, mahali penye baridi isiyo na mfano, ambapo seli hulala bila kufa. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yetu. Tulikusudia kuongeza.

Mama Nduku alipona upasuaji, akapelekwa kwenye mionzi, akaanza kuja kliniki mara kwa mara. Kila alipokuja alipitia kwetu, akasimama nje ya mlango wa kioo kwa sababu Madam Mumbua hakuruhusu mtu, hata askofu.

"Mifugo yangu iko aje?" angeuliza.

"Wazima, mwaitu."

"Wanakula?"

"Wanakula sana."

"Msiwanenepeshe. Hao ni adui."

Mwaka uliofuata mvua ya Novemba ilikosa kabisa. Mabomba ya mji yakaanza kutoa upepo. Omari, aliyesimamia stoo na jenereta, mtu wa familia ya zamani ya Kitui mjini ambaye babu yake alitoka pwani, ndiye aliyetuletea maji kwa mapipa. Alikuwa akipiga hodi kwa mguu kwa sababu mikono imejaa. "Maji imefika," angesema. "Mtumie kama dawa ya macho." Mashine yetu ya kuyatonesha maji, ambayo hutoa maji safi kabisa ya maabara, hupitisha ndoo nyingi za kupoza ili ikupe chupa moja. Yale ya kupoza tuliyakinga, tukapigia deki, na yaliyobaki baada ya deki Omari akayapelekea miti yake miwili nyuma ya stoo. Hakuna tone lililopotea. Tulijivunia jambo hilo.

Asubuhi moja nilifungua inkubeta nikaona uji wa Mama Nduku umegeuka manjano, na una ukungu kama maji yaliyooshea mchele. Sikuhitaji hadubini lakini nilitazama. Katikati ya seli zake kulikuwa na vijiti vidogo vikiogelea, vingi, vyenye haraka, kama watu wa siku ya soko. Nikamwita Madam Mumbua. Alitazama, akanyanyuka, akavuta droo ya klorini.

"Tunaweza kuweka dawa kwanza?" nikauliza. "Ya kuua bakteria."

"Dawa itawanyamazisha. Utakuwa unampikia mwizi aliye chini ya kitanda."

Tukamwaga klorini ndani ya chupa zote. Kisha tukaisafisha inkubeta kwa spiriti, tukatoa kichupa kimoja cha akiba, tukakiyeyusha. Kwa siku chache uji ulibaki mwekundu. Kisha ukawa manjano. Tukasafisha kila kitu upya, tukabadilisha glavu, tukatoa cha pili. Kikaenda njia ile ile.

Kikabaki kimoja. Daktari Mutheu aliandika USIGUSE kwenye kisanduku chake kwa kalamu nene, ingawa hakuna aliyekuwa na hamu ya kugusa. Koo la Mama Nduku lilikuwa limekatwa na kushonwa na kuchomwa kwa mionzi. Hapakuwa na kipande kingine cha kuomba. Kichupa hicho kikiharibika, ufugaji wake wote ungekuwa umeishia hapo, na yeye alikuwa bado anakuja kliniki.

Alikuja juma hilo hilo. Nilitoka nje kumkuta kwenye benchi.

"Mifugo yangu?"

"Wamepata ugonjwa, mwaitu."

"Wamekufa?"

"Wamekufa wengi. Amebaki mmoja wa mbegu, amelala kwenye barafu."

Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta maneno. Yeye alikuwa anafikiri.

"Basi msimtoe zizini," alisema, "mpaka mjue fisi anapitia wapi."

Nilimpelekea Madam Mumbua maneno hayo kama yalivyo. Akasema mama huyo angefaa kuajiriwa.

Tukaanza kutafuta. Mshukiwa wa kwanza alikuwa vumbi, maana kiangazi kile vumbi liliingia hata kwenye chumvi. Tukaziba madirisha kwa karatasi za gundi. Mshukiwa wa pili alikuwa Omari, ambaye alipigwa marufuku kupita mlango wa ndani na akalalamika kwamba yeye hutawadha mara tano kwa siku, na nani mwingine hapa anaweza kusema hivyo. Mshukiwa wa tatu alikuwa mjusi wa nyuma ya kabati la hewa safi, pale tunapofungulia chupa. Alifukuzwa. Akarudi. Mshukiwa wa nne nilikuwa mimi.

Madam Mumbua hakumshuku mtu. Alifanya alivyozoeshwa tangu siku zake za kukuza bakteria hospitalini: alitengeneza sahani za damu ya kondoo, chakula ambacho bakteria hawezi kukikataa, akagusisha kila kitu. Alianza na vidole vyake mwenyewe, kisha vyangu, kisha vya Daktari Mutheu, aliyenyoosha mkono kama mtoto wa chanjo. Akaweka sahani wazi ndani ya kabati la hewa safi. Akagusisha pipeti, ile mirija ya kunyonyea uji, rafu za inkubeta, shingo za chupa mpya. Asubuhi tulizipanga mezani. Safi. Safi. Safi. Ya mlangoni ilikuwa na madoa mawili, ambayo Omari aliomba yasiandikwe kwa jina lake.

Kisha akajaribu uji. Uji wa chupa ambayo haijafunguliwa, uliotoka moja kwa moja kwenye friji: safi. Uji wa chupa tuliyokuwa tukiitumia: sahani nzima ilijaa, ikanuka.

Daktari Mutheu alikaa kwenye stuli akizitazama sahani hizo mbili.

"Kati ya friji na kabati," alisema polepole, "chupa inapita wapi?"

Sote tuligeuza vichwa upande mmoja. Pembeni kulikuwa na beseni. Ninyi mnalijua: lile sanduku la chuma lenye umeme, linaloweka maji kwenye joto la mwili, tunamotumbukiza chupa ya uji ili isiingie kwa seli ikiwa baridi. Humo humo ndimo tunamoyeyushia vichupa vya akiba. Maji yake yalikuwa maangavu. Madam Mumbua alitia ncha ya kijiti, akakipitisha kwenye sahani. Kesho yake sahani hiyo haikuhitaji kusomwa. Ilionekana kutoka mlangoni.

"Haya maji yalimwagwa lini?" Daktari Mutheu aliuliza.

"Mimi huongeza tu yakipungua," nikasema.

"Mimi pia," akasema Madam Mumbua, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Omari alikuwa kizingitini, kwa sababu ya marufuku. "Hata mimi, kabla mnifungie, nikipata imeshuka nilikuwa naongeza. Ile safi ya mashine. Si ya pipa."

Daktari Mutheu alivua miwani. "Jumamosi niliongeza mimi."

Kitabu cha mashine kinasema maji ya beseni yamwagwe kila juma, lisuguliwe, liwekwe mapya. Mvua ikiwepo tulifanya hivyo bila kufikiri. Kiangazi kilipokuja hakuna aliyetoa amri tuache. Hatukukubaliana, hatukujadili. Kila mmoja wetu alifika pale peke yake, akaona maji masafi, yaliyotoneshwa kwa taabu, na mkono ukakataa kuyamwaga. Madam Mumbua alikulia akichota mtoni kwenye mchanga, anachimba kwa kibuyu, anangoja kisima kitoe jasho. Daktari Mutheu vilevile, kabla ya vyuo vyote. Mimi kwetu maji yaliyooshea mboga yaliosha sahani, yakaosha miguu, yakaenda kwa mbuzi. Mtu aliyekulia penye mito isiyokauka angemwaga huku akipiga mluzi. Sisi tuliongeza, na kila aliyeongeza alikwenda nyumbani akijiona mtunzaji mwema. Ndani ya joto lile bakteria wachache waliishi kwa raha kama wageni wa harusi, wakapanda kwenye shingo ya chupa, wakangoja kidole kidogo kifungue.

Ilibaki kumwaga. Nilitia klorini, tukangoja iue. Madam Mumbua alilinyanyua beseni akasimama nalo mbele ya sinki.

"Madam, leta nipatie miti," Omari akasema.

"Ina klorini, Omari. Na wadudu."

"Miti haiumwi koo."

"Omari."

Akamwaga. Nimehudhuria mazishi yenye mazungumzo mengi kuliko dakika ile. Tulisikiliza mpaka bomba likameza tone la mwisho.

Tulilisugua beseni, tukalipangusa kwa spiriti, tukalijaza maji mapya yaliyopitia jiko la mvuke, tukayajaribu kwenye sahani. Safi. Tukangoja, tukayajaribu tena. Ndipo Daktari Mutheu akasema, "Haya." Madam Mumbua alifungua tangi, moshi wa baridi ukamwagika sakafuni, akatoa kichupa cha mwisho kwa koleo, akanipa mimi.

"Wewe ndiye mchungaji," alisema.

Nilikishika kifuniko kikiwa juu ya maji, si ndani, jinsi mnavyofanya ninyi sasa bila kujua kwa nini ninawasumbua. Nilikizungusha taratibu mpaka barafu ikabaki kama punje. Nikakipangusa, nikakifungua kwa kidole kidogo, nikazitia kwenye uji. Zilielea, duara, zisizo na dalili yoyote ya kuwa hai. Madam Mumbua aliweka kiganja juu ya mlango wa inkubeta, akafumba macho, midomo ikacheza. Kabati la hewa safi lilikuwa limefungwa, kwa hiyo halikuwa kosa.

Kulipokucha, seli chache zilikuwa zimeshika sakafu. Asubuhi iliyofuata zilikuwa zaidi. Uji ulibaki mwekundu, ukabaki mwekundu, na siku ambayo huwa unageuka ikapita ukiwa mwekundu. Daktari Mutheu alikuja mlangoni akangoja kichwa changu. Safari hii nilikiinamisha kukubali, naye akakaa chini pale pale kwenye korido, na koti lake jeupe. Tulipozidisha za kutosha tuligandisha vichupa vingi, na nusu yake tukaipeleka kwenye tangi la jengo lingine. Ndiyo maana mnaandikiwa zamu za kuangalia matangi mawili. Si ukaidi wangu.

Mama Nduku alipokuja, Madam Mumbua alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: alimwingiza ndani. Alimnawisha mikono kwanza, mara tatu, na Mama Nduku akatii bila neno. Nikamwekea stuli mbele ya hadubini, nikamrekebishia lenzi. Aliinama akatazama muda mrefu.

"Hawa ndio walimla mama?"

"Ndugu zao."

"Ni wazuri," akasema, bila kufurahi wala kuchukia, kama anayemkagua fahali wa jirani. Kisha akainua kichwa. "Na fisi alipitia wapi?"

Nilimwonyesha beseni. Nikamweleza kila kitu, kiangazi, kuongeza, sahani. Alisikiliza huku akilitazama lile sanduku.

"Na sasa?"

"Sasa kila Jumatatu tunamwaga, tunaweka mapya."

"Hata yakiwa masafi?"

"Hata yakiwa masafi."

"Hata kiangazi?"

"Hata kiangazi, mwaitu."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yako."

Alikaza leso yake kiunoni. Alitazama mlangoni kuhakikisha kwamba hakuna mtu, kisha akaniinamia.

"Usiwaambie watu wa Kanyangi," alisema.

Alipata misimu kadhaa ya ndengu baada ya hapo, zaidi ya tulivyothubutu kumtumainia, kisha ugonjwa ukarudi kupitia njia nyingine naye akapumzika. Nduku huja kliniki kila mwaka kuangaliwa koo, na akimaliza hupita kwenye mlango wa kioo. Hajawahi kuniuliza kuhusu dawa wala majaribio. Huuliza kama wanakula. Nimemwambia kwamba sasa atawauliza ninyi, kwa hiyo muwe na jibu.

Jumatatu yangu ya mwisho nilimwaga maji ya beseni mwenyewe. Yalikuwa maangavu, na Kitui mjini mabomba yalikuwa yakitoa upepo tena. Mkono ulisita kidogo, kama ulivyosita kila Jumatatu tangu siku ile. Na wenu utasita; mwageni hivyo hivyo. Na kama yupo mtu wa Kanyangi aliyefika hapa akisoma, yalikuwa maji kidogo sana.